Baiskeli ya vipande: faida imo ndani ya sanduku

Na Mwandishi Wetu

BAISKELI ni bidhaa nyepesi yenye tabia ya bidhaa nzito. Ukiiweka kwenye mizani haifiki hata kilo 25, lakini ukiipeleka kwa msafirishaji ikiwa nzima utatozwa kana kwamba umeleta mashine ya kusaga. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya nafasi inayochukua ni hewa tupu: hewa katikati ya fremu, hewa kati ya spoki, hewa kati ya usukani na siti. Anayesafirisha baiskeli nzima analipia hewa hiyo tangu kiwandani hadi ghalani.

Ndiyo maana kwa miaka mingi wahandisi wa Ulaya, Marekani na Asia wamekuwa wakitafuta baiskeli inayogawanyika vipande, ikaingia kwenye begi au buti la gari, kisha ikafungwa tena na kuendeshwa kama kawaida. Baadhi yao wamejenga viwanda vikubwa. Wengine wameishia kuuza kampuni zao kwa washindani.

Makala haya yanaiangalia biashara hiyo kwa jicho la mtu mwenye mtaji wa kawaida. Fedha ya baiskeli ya vipande inatoka wapi hasa? Na je, ni bidhaa ya kuleta katika soko letu?

Hesabu ya hewa

Tuanze na namba. Chukua baiskeli ya kawaida ya mtu mzima yenye urefu wa sentimita 170, kimo cha sentimita 105 na usukani wenye upana wa sentimita 60. Ukizidisha unapata zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo.

Katika shehena ya ndege mzigo hupimwa mara mbili: uzito wa mizani na uzito wa ujazo. Mteja hutozwa ule ulio mkubwa. Kanuni inayotumika sana ni kugawanya sentimita za ujazo kwa 6,000 ili kupata kilo. Baiskeli yetu ina sentimita za ujazo 1,071,000. Gawanya, unapata kilo 178. Kwa hiyo baiskeli ya kilo 14 inalipiwa kama mzigo wa kilo 178.

Sasa igawanye baiskeli hiyo hiyo na kuipanga kwenye sanduku la inchi 26 kwa 26 kwa 10, yaani takriban sentimita 66 kwa 66 kwa 25. Uzito wa ujazo unashuka hadi kilo 18 hivi. Chuma ni kile kile, lakini gharama imeshuka karibu mara kumi.

Kwa meli hesabu inafanana. Mzigo mdogo unaochanganywa na wa watu wengine ndani ya kontena moja hutozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kipi kikubwa. Baiskeli nzima, kwa hesabu hiyo, inalipa nauli ya tani moja ya misumari.

Sanduku la inchi 62

Vipimo vya sanduku tulilotaja havikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ukijumlisha 26, 26 na 10 unapata inchi 62, ambazo ni sentimita 158. Hicho ndicho kipimo ambacho mashirika mengi ya ndege hukiweka kuwa mwisho wa begi la kawaida la abiria, likiwa na uzito usiozidi kilo 23. Begi likizidi hapo, abiria anaongeza fedha.

Kwa miaka mingi abiria wa Marekani aliyebeba baiskeli yake kwenye boksi kubwa alitozwa dola 100, 150 na hata zaidi kwa safari ya upande mmoja. Mtu anayesafiri mara nne kwa mwaka, kwenda na kurudi, alikuwa akiliachia shirika la ndege fedha ya kununulia baiskeli nyingine.

Katikati ya miaka ya 1990 karakana moja ya California, S and S Machine, iliona pengo hilo ikaanza kuuza viungo vya chuma kisichoshika kutu. Fundi hukata mabomba mawili ya fremu, kisha huchomelea kiungo katika kila mkato. Kiungo kina meno yanayoumana na pete yenye hesi inayokazwa kwa spana maalumu. Ukilegeza pete mbili, fremu inatoka vipande viwili. Nyaya za breki na gia nazo huwekewa viunganishi vyake. Tairi hupunguzwa upepo ili zitoshe ndani ya sanduku.

Cha kujifunza hapa ni kwamba S and S hawakuwa watengenezaji wa baiskeli. Waliuza kiungo, spana na sanduku. Mafundi wa fremu katika nchi mbalimbali ndio waliofanya kazi ya kuchomelea na kutafuta wateja. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo huo ni mfano mzuri: uza kitu kimoja kidogo ambacho wenye viwanda vyao wanakihitaji.

Tom Ritchey, fundi mashuhuri wa California aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa baiskeli za milimani, alikuja na njia nyepesi zaidi katika miaka ya 2000. Fremu yake iitwayo Break-Away inagawanyika sehemu mbili: chini, karibu na pedeli, kuna kibano kidogo, juu, nguzo ya siti yenyewe ndiyo inayoshikilia vipande viwili pamoja. Kwa kuwa nguzo ya siti ni kitu ambacho kila baiskeli inacho, uzito ulioongezeka ni mdogo sana.

Kampuni ya Green Gear ya mji wa Eugene, Oregon, ambayo tangu mwaka 1992 inatengeneza baiskeli za Bike Friday, ilipita njia ya tatu. Ilipunguza ukubwa wa tairi, baiskeli ikaingia kwenye sanduku la kawaida la safari, na sanduku lenyewe likatengenezewa magurudumu ili livutwe nyuma ya baiskeli kama tela. Abiria anashuka kwenye ndege, anafunga baiskeli yake na kuondoka na mzigo wake.

Waingereza na tairi ndogo

Wazo lenyewe ni la zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda cha BSA cha Uingereza kilitengeneza makumi ya maelfu ya baiskeli za kukunja kwa ajili ya wanajeshi wa kikosi cha anga.

Baada ya vita jina kubwa lilikuwa Alex Moulton, mhandisi aliyebuni springi za mpira za gari aina ya Mini. Mwaka 1962 alitoa baiskeli yenye tairi ndogo na springi. Soko la Uingereza likaipokea kwa nguvu, na aina mojawapo ilikuwa ya kugawanyika vipande viwili. Lakini kampuni kubwa ya Raleigh nayo ikaingia na tairi ndogo za kwake, na kufikia mwaka 1967 Moulton alikuwa ameiuzia Raleigh biashara hiyo. Miaka ya 1980 alirudi na fremu ya mabomba membamba yaliyosukwa kama daraja la chuma, nayo ikigawanyika katikati. Safari hii hakushindana kwa wingi. Aliuza chache kwa bei ya juu, kwa wateja waliojua wanachonunua.

Mwingereza mwingine, Andrew Ritchie, alianza miaka ya 1970 kubuni Brompton, ambayo haigawanyiki bali inakunjwa mara tatu. Alihangaika kwa miaka kutafuta fedha kabla ya kiwanda chake cha London kusimama. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitoa baiskeli yake ya milioni moja.

Tofauti ya bidhaa hizi mbili ni muhimu kwa mnunuzi. Baiskeli ya kukunja hufungwa kwa sekunde kadhaa na humfaa anayepanda treni au basi kila siku. Ya kugawanyika huchukua nusu saa au zaidi kufunguliwa, na humfaa anayesafiri mbali mara chache. Mfanyabiashara anayeziweka pamoja kwenye rafu moja kana kwamba ni kitu kimoja atawachanganya wateja wake.

Kanuni inapobadilika

Hapa ndipo mwekezaji anapaswa kusimama na kufikiri. Baiskeli ya sanduku la inchi 62 ilipata soko kwa sababu mashirika ya ndege yalitoza fedha nyingi kwa baiskeli nzima. Faida ya fundi ilisimama juu ya kanuni iliyoandikwa na mtu mwingine.

Mei 2019 shirika la American Airlines lilifuta tozo ya ziada kwa baiskeli na vifaa vingine vya michezo. Tangu hapo baiskeli yenye boksi lake, ikiwa haizidi uzito wa begi la kawaida, ilitozwa kama begi jingine lolote. Miezi michache baadaye shirika la Delta lilifuata. Kwa abiria wa mashirika hayo, sababu ya kulipa mamia ya dola ili fremu ikatwe na kuwekewa viungo ilipungua kwa tangazo moja.

Baiskeli hizo hazikuwa mbovu, na bado zinafaa kwa teksi, treni na mashirika yenye masharti magumu. Lakini somo ni la kila biashara. Kama faida yako inatokana na tozo, ushuru au marufuku ya mtu mwingine, jiulize kila mwaka: ikifutwa kesho, mteja wangu atabaki na sababu gani ya kuja kwangu?

Hata kampuni imara hutikisika. Brompton, iliyouza vizuri wakati wa janga la UVIKO-19 watu walipokimbia mabasi na treni, ilipata faida ya pauni milioni 10.7 kabla ya kodi katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2023. Mwaka uliofuata, ulioishia Machi 2024, faida hiyo ilishuka hadi pauni 4,602. Si milioni, ni pauni elfu nne na mia sita na mbili. Wenye maduka walikuwa wameagiza kupita kiasi, maghala ya biashara nzima ya baiskeli yakajaa, na bei zikashushwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa barabara ya River Road anaijua hali hiyo bila kufundishwa.

Kwa wenye kupenda hisa, kampuni za baiskeli zipo katika masoko ya Asia: Phoenix katika soko la Shanghai, Giant katika soko la Taiwan, na tangu mwaka 2025 Dahon, wakongwe wa baiskeli za kukunja, katika soko la Hong Kong. Anayezitazama asome kwanza ukurasa wa mali iliyo ghalani kabla ya ukurasa wa mauzo.

Ya kubebwa na ya kubebea

Turudi nyumbani. Je, mfanyabiashara wa Afrika Mashariki alete baiskeli za kugawanyika?

Jibu linaanza na swali moja: mteja wako anataka baiskeli ya kubebwa au ya kubebea? Baiskeli ya California au London imetengenezwa ili ibebwe: kwenye ndege, kwenye treni, hadi ghorofa ya nne. Baiskeli ya muuza maziwa wa Iringa, mchuuzi wa samaki wa Kisumu au mkulima wa ndizi wa Bukoba imetengenezwa ili ibebe. Fremu ya Phoenix yenye keria ya chuma na breki za fito inauzika kwa sababu haina kiungo kinacholegea. Ukimwambia mteja huyo kwamba fremu yake inafunguka katikati, atakuuliza itabeba vipi magunia mawili.

Mfano bora unatoka kwa Tom Ritchey mwenyewe, yule wa fremu ya kugawanyika. Mwaka 2005 alitembelea Rwanda akaona jinsi wakulima wanavyobeba mizigo kwenye baiskeli za mbao na baiskeli kuukuu. Aliporudi karakanani hakuwapelekea Break-Away. Kupitia mradi ulioitwa Project Rwanda alibuni baiskeli ndefu ya mizigo yenye keria kubwa nyuma, ili kahawa mbivu ifike kwenye kituo cha kuoshea mapema kabla haijapoteza ubora. Mradi huo pia ulizaa timu ya mbio za baiskeli ya Rwanda, na mwaka 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Fundi mmoja, basi, alitengeneza baiskeli mbili kwa masoko mawili, kwa sababu aliangalia kwanza mteja ana shida gani.

Hii haina maana kwamba baiskeli ya kubebwa haina mteja kwetu kabisa. Yupo mfanyakazi wa ofisini anayeishi ghorofani asikoweza kuiacha baiskeli chini, yupo mwenye gari anayetaka kuiweka kwenye buti, yupo mwongozaji wa watalii. Za kukunja zenye tairi ndogo huonekana pia katika mitumba inayotoka Japani. Lakini hilo ni soko dogo la mijini. Anayeliingia aanze na chache, akague bawaba na vibano moja kwa moja, na asiahidi kwamba zitahimili barabara ya kokoto na abiria wa nyuma.

Vipande vyetu ni vya kontena

Kwa mfanyabiashara wetu, kugawanyika kwenye faida hakuko kwenye fremu. Kuko kwenye kontena. Baiskeli nyingi mpya zinazoingia nchini kwetu tayari zinakuja zimefunguliwa, fremu kwenye katoni yake na tairi kwenye yake, kisha fundi anazifunga hapa. Wanaotengeneza baiskeli imara za Buffalo, zinazobeba hadi kilo 100, nao hufuata njia hiyo: vipuri huagizwa kutoka nje na kuunganishwa katika karakana za Afrika, ikiwemo ya Kisumu.

Fanya hesabu kwa mfano. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita 33 za ujazo. Baiskeli nzima zisizopandana zitaingia 30 hivi. Mgavi akikuambia kwamba baiskeli yake ikifunguliwa inachukua mita za ujazo 0.15, zitaingia 220 kwenye karatasi, tuseme 200 baada ya kutoa nafasi inayopotea. Kama gharama zote za kontena hadi ghalani kwako ni dola 4,000, baiskeli nzima inabeba dola 133 za usafiri na iliyofunguliwa inabeba dola 20. Weka namba zako mwenyewe. Uwiano hautabadilika sana.

Kutoka kwenye tofauti hiyo, toa sasa malipo ya fundi, spoki za kukazwa, rimu za kunyooshwa na vipuri vitakavyopungua. Hapo ndipo wengi hupotea. Katoni moja ya cheni ikikosekana, unakuwa na baiskeli 50 zisizotembea, na mtaji umelala. Mwenye busara huagiza nati, bolti, spoki na tyubu za akiba pamoja na mzigo wa kwanza, na huhesabu katoni mbele ya wakala kabla ya kutia sahihi.

Jambo la mwisho ni forodha. Wapo wanaodhani kwamba baiskeli ikija vipande itatozwa kama vipuri. Katika mfumo wa kimataifa wa forodha baiskeli ina namba 8712 na vipuri vyake 8714. Lakini kanuni ya pili ya ufafanuzi wa mfumo huo inasema wazi kuwa kitu kamili kilicholetwa kikiwa kimefunguliwa huhesabiwa kama kitu kamili. Fremu, tairi, usukani na pedeli za baiskeli 200 ndani ya kontena moja ni baiskeli 200, hata kama hakuna nati iliyokazwa.

Wazungu walijifunza hilo kwa njia ngumu. Mwaka 1993 Jumuiya ya Ulaya iliweka ushuru wa asilimia 30.6 kwa baiskeli za China zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Waagizaji wakaanza kuleta vipande na kuviunganisha Ulaya. Mwaka 1997 ushuru ukapanuliwa hadi kwenye vipuri vikuu, na mwaka 2005 kiwango kwa baiskeli kikapandishwa hadi asilimia 48.5. Aliyejenga karakana kwa kutegemea mwanya huo aliufunga mlango wake mwaka mwanya ulipozibwa.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kutoa fedha, mfanyabiashara ajibu maswali haya:

- Mteja wangu anabeba baiskeli, au baiskeli inambebea mzigo?
- Mgavi amenipa ujazo wa kila katoni kwa maandishi, si uzito tu?
- Wakala wangu wa forodha amethibitisha namba ya ushuru kabla mzigo haujapakiwa, na cheti cha ubora kitatoka kabla shehena haijaondoka?
- Nina fundi wa kufunga baiskeli ngapi kwa siku, na nani atalipia ikirudi imelegea?
- Vipuri vya akiba vimo ndani ya oda ya kwanza?

Akiyajibu matano hayo, atagundua kwamba baiskeli ya vipande si bidhaa ngeni kwake. Amekuwa akiiuza siku zote, ila hakuwahi kukaa na kalamu akahesabu ni hewa kiasi gani anailipia.